Mikisa ya zamani isiyo na mchoro: chaneli nzima ndiyo kitabu chako

Mzee mmoja wa kwaya aliniletea mikisa, mashine ya kuchanganya sauti za maikrofoni, imefungwa kwenye khanga kuukuu. Chaneli nane, yaani njia nane za sauti, bati la juu limechubuka, jina la kiwanda limebaki herufi mbili. "Fundi, hii ilikuwa inaimba," akasema, kwa sauti ya mtu anayemtaja marehemu. Nikatafuta mchoro wa sakiti yake mtandaoni siku tatu. Si mchoro, si kijitabu, si hata picha ya mtu anayeiuza. Siku ya nne nikaifungua, nikajiona mjinga: mchoro ulikuwa mezani muda wote, tena nakala nane.

Hapo ndipo mikisa inapoachana na redio au amplifaya. Kwenye redio kila sehemu iko peke yake. Ikifa, huna ya kuilinganisha nayo. Mikisa ni sakiti moja iliyorudiwa mara nane, kumi na mbili au ishirini na nne, na ni nadra chaneli zote zife kwa ugonjwa mmoja. Zikinyamaza zote kwa pamoja, angalia umeme unaozilisha, au sehemu ya mwisho zinapokutana. Kwa hiyo una kazi mbili: kuweka umeme sawa, kisha kuiuliza chaneli nzima inafanyaje kile ambacho gonjwa imeshindwa.

Nazungumzia mikisa za transista na IC (vile vipande vyeusi vyenye miguu, sakiti nzima ndani yake), tuseme za kati ya 1965 na 1990. Za valvu zina mamia ya volti ndani na zinaua; hizo mwachie aliyezizoea.

Usiichomeke kwanza

Najua mkono unawasha, na mteja amesimama mlangoni anataka kuona taa ikiwaka. Mwambie arudi kesho. Kapasita za elektroliti zilizolala miaka kumi hupoteza ule utando mwembamba wa oksidi unaozuia mkondo kupita. Ukizipiga volti kamili ghafla zinavuja, zinapata joto, na nyingine hupasuka na kumwaga uji wake juu ya bodi.

Halafu kuna suala la volti zenyewe. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Japani inataka volti 100, ya Marekani 120, na ukutani kwetu Tanzania mna 230. Si zote zilizo na swichi ya kuchagua volti, na hata iliyo nayo usiuamini mshale wake mpaka umeona nyaya zinaenda wapi.

Kama maandishi ya nyuma yamefutika, transfoma yenyewe itakueleza. Tafuta transfoma ndogo inayotoa volti 12 za AC, umeme wa kupishana kama wa ukutani. Chomoa kwenye bodi nyaya za upande wa kutoka wa transfoma ya mikisa, kisha ingiza hizo volti 12 pale unapoingia umeme wa ukutani. Pima kinachotoka, kutoka waya wa kati hadi waya wa pembeni. Mikisa nyingi za opampu, yaani IC za kukuza sauti, zinahitaji kama volti 18 za AC kila upande ili regyuleta, IC za kutuliza volti, zitoe 15. Transfoma ya 230 itapunguza karibu mara 13, hivyo mita itasoma chini kidogo ya volti 1. Ya volti 100 itapunguza karibu mara tano na nusu. Utasoma zaidi ya volti 2. Tofauti hiyo haimpiti mtu, na hujaunguza kitu.

Kama waya wa umeme una nyuzi mbili tu na mwili wa mikisa ni bati, weka waya wa nyuzi tatu, ethi ifungwe kwa bolti kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Waimbaji wanashika maikrofoni kwa mikono yenye jasho. Hapa sina mjadala na mtu.

Sasa fungua, na utarajie wakazi. Mende hupenda penye joto, na kinyesi chao hushika unyevu na kula shaba. Mjusi hukauka katikati ya nyaya za umeme wa ukutani. Nyigu wa matope hujenga ndani ya matundu ya jeki. Jeki moja nimeitoa udongo wa kujaza kijiko. Kwa mikisa iliyokaa Tanga, Mombasa au Unguja ongeza chumvi ya bahari, ile kutu ya kijani kwenye kila plagi. Ondoa yote kwa brashi laini na upepo kabla ya kugusa kitu kingine.

Daftari, simu na namba za vipuri

Piga picha kila waya kabla hujauchomoa. Andika namba ya chaneli kwa penseli kwenye kila bodi, maana bodi nane zinazofanana zikishatoka kwenye boksi ni kama mapacha wanane uchi.

Kisha soma vipuri. IC nyingi za zamani zina namba nne za tarehe: 7834 maana yake wiki ya 34 ya mwaka 1978. Angalia usichanganye, 7815 inaweza kuwa regyuleta ya volti 15 au wiki ya 15 ya 1978. Umbo ndilo linaloamua: regyuleta ina miguu mitatu na bati la nyuma. Ukisoma tarehe za IC nne tano, ile iliyo mpya kuliko zote ndiyo iliyo karibu na mwaka mikisa ilipoundwa, isipokuwa kama kuna fundi aliyepita hapo kabla yako. Tarehe inayoruka miaka kumi mbele ya wenzake ni alama ya vidole vyake, na mara nyingi ugonjwa wa leo unaanzia pale alipochokonoa.

Transista zinakuambia nchi. C945 ni 2SC945 ya Japani. Wao huacha ile 2S wanapochapa. BC109 ni ya Ulaya: herufi ya kwanza B ni silikoni, A ni jerumani (madini hayo, si nchi), na C ya pili ni transista ndogo ya kazi za sauti. AC128 basi ni ya jerumani, na hiyo inabadilisha hesabu zako zote, kama tutakavyoona. Zinazoanza na 2N zimefuata mtindo wa Marekani.

Umeme

Kama pawa saplai, sehemu inayolisha umeme chaneli zote, iko ndani, chomoa kwanza nyaya zinazotoka kwake kwenda kwenye chaneli. Iwashe peke yake kupitia taa ya sirizi: balbu ya zamani ya uzi, wati 40 au 60, iliyofungwa kwa mfululizo na waya mmoja wa umeme. Balbu ikiwaka kidogo kisha ikafifia, endelea. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti, zima. Ukipata variaki, yaani transfoma ya kupandisha volti polepole kwa mkono, ni bora zaidi, lakini si wengi tulio nayo.

Pima mawimbi yaliyobaki juu ya DC, umeme ulionyooka, kwa kuweka mita kwenye AC. Baada ya regyuleta unataka milivolti chache tu. Ukisikia muungurumo mzito kwenye chaneli zote, kapasita kubwa za kuchujia ndizo za kwanza kushukiwa.

Kuna kosa nililifanya mwenyewe na sitaki ulirudie. Regyuleta ya 7815 ukiitazama usoni miguu yake ni kuingia, ethi, kutoka. Ya 7915, inayotoa volti hasi, ni ethi, kuingia, kutoka. Zinafanana kwa umbo kama kurwa na doto. Zaidi ya hapo, bati la nyuma la 7815 limeungana na ethi, la 7915 limeungana na volti inayoingia. Ukiifunga ya pili kwenye mwili wa mikisa bila kipande cha mika na kikombe cha plastiki kwenye skrubu, umepiga shoti. Nilibadilisha zote mbili usiku, umeme wa mtaa umekatika, natumia tochi ya simu. IC sita zilikwenda.

Kesi ngumu ni mikisa ambayo pawa saplai yake ilikuwa boksi la nje, nalo limepotea. Umebaki na tundu lenye pini tano au sita zisizo na jina. Watu wengi huishia hapo na kuuza mikisa kama chuma chakavu. Usiuze. Tafuta opampu yoyote yenye miguu minane. Kama ni pacha, mfano 4558, TL072 au 5532, mguu wa 8 ni chanya na wa 4 ni hasi. Kama ni moja, mfano 741, TL071 au 5534, chanya ni mguu wa 7 na hasi ni wa 4. Weka mita kwenye mlio na ufuate kila mguu hadi kwenye tundu. Mita isipolia, soma omu: mara nyingi kila chaneli ina rezista ndogo ya kuchuja, omu 10 hadi 47, katikati ya njia. Ethi ni pini iliyoungana na mguu wa 1 wa plagi za XLR, zile za maikrofoni zenye pini tatu.

Pini ya volti 48 za maikrofoni nayo ina alama yake. Kwenye mlango wa maikrofoni utaona rezista mbili zinazolingana za omu 6,800, bluu, kijivu, nyekundu, zikikutana kwenye swichi. Zifuate. (Kwa nini 48 na si 50? Neumann walipotengeneza maikrofoni yao ya KM 84 mwaka 1966 kwa ajili ya redio ya taifa ya Norway, studio za huko tayari zilikuwa na volti 48 za taa za dharura. Namba ikabaki hadi leo.)

Sasa ni volti ngapi? Angalia kapasita zilizoko kati ya njia ya umeme na ethi. Mbunifu makini hatumii kapasita ya volti 16 kwenye njia ya volti 15. Ukiona 25V zimetapakaa, fikiria 15 hadi 18. Ukiona 35V au 40V kwenye mikisa ya transista yenye njia moja tu, fikiria 24. Ukiwa na shaka, anza na 12 chanya na 12 hasi. Opampu za kizazi hicho hufanya kazi vizuri hapo. Utapoteza kidogo tu ya nafasi ya sauti kubwa kabla haijapasuka. Usivuke 18 kila upande, ndio mwisho wa 741, 4558 na TL072.

Kiasi cha mkondo unaweza kukihesabu kwa vidole. TL072 hula karibu miliampea 3, 4558 kama 3.5, 5532 kama 8. Mikisa yenye 5532 arobaini inataka miliampea 320 kabla ya taa zake. Weka kikomo cha pawa saplai ya mezani juu kidogo ya hapo. Mikisa ikigonga kikomo mara tu ikiwaka, kuna shoti, na mtuhumiwa wa kwanza ni zile kapasita za tantalamu zinazofanana na shanga za rangi. Zenyewe zikifa, mara nyingi hufa kwa kujishotisha. Kumi na sita zimefungwa kwenye njia moja, ipi imekufa? Punguza umeme hadi volti 1 au 2 wenye kikomo cha mkondo, kisha pima milivolti kati ya ncha hasi ya pawa saplai na hatua moja baada ya nyingine za njia chanya. Volti inazidi kushuka kuelekea kwenye shoti, na ukishaipita haishuki tena. Pale inapogota ndipo ilipo. Wengine hugusa kwa kidole wakitafuta iliyopata joto. Nayo inafaa, ukiwa na ngozi ngumu.

Kuiuliza chaneli nzima

Vijana wa simu wa Kariakoo na wa Luthuli Avenue kule Nairobi wanaijua njia hii kuliko sisi wa redio: bodi nzima pembeni, bodi mbovu mbele, mita kwenye alama ya dayodi. Mikisa imekupa bodi nzima bure.

Kwanza umeme ukiwa umezimwa na kapasita zimeisha chaji. Waya mwekundu wa mita weka kwenye ethi. Mweusi upitishe kila mguu wa kila IC na transista kwenye chaneli nzima, na kila namba iingie daftarini. Rudia kwenye chaneli gonjwa. Panapokuwa na kapasita namba itapanda polepole, subiri itulie. Mahali ambapo chaneli moja inasoma 0.612 na nyingine 0.004, umefika nyumbani. Tofauti ndogo ndogo, 0.612 kwa 0.598, achana nazo.

Chora wakati huohuo. Huhitaji kuwa na mkono mzuri. Mimi huchora mistari kama njia za mbu. Utashangaa jinsi mchoro unavyojichora wenyewe ukishatambua maumbo yake, kwa sababu viwanda vidogo vya wakati ule havikubuni vitu vipya. Walikopa. Mbele kuna transfoma au transista mbili zinazoshikana mikono, au opampu moja. Kisha besi na trebo: ukiona volyumu mbili zimezungukwa na kapasita na rezista, ncha moja ikipokea sauti ya hatua iliyotangulia na nyingine ikirudi kutoka kwenye mdomo wa opampu, yaani mguu inapotokea sauti, hiyo ni sakiti ya Peter Baxandall aliyoichapisha kwenye jarida la Wireless World mwaka 1952. Ilienea kila kona. Kisha fada, ile volyumu ya kusukuma juu na chini, kisha rezista moja ya omu elfu kumi au ishirini au zaidi kwenda kwenye waya wa pamoja, na kwenye waya huo opampu moja inayokusanya zote. Ukiyajua maumbo haya manne, umeshasoma mikisa nyingi kabla hujazifungua.

Sasa washa na pima DC. Kwenye mikisa yenye chanya na hasi, mdomo wa opampu, mguu wa 1 na wa 7 kwa pacha au wa 6 kwa moja, unapaswa kukaa karibu na sifuri, pengine makumi ya milivolti. Ukikuta umeganda kwenye volti 13, ama imekufa ama njia yake ya kurudishia imekatika. Milango yake miwili, 2 na 3 (5 na 6 kwa nusu ya pili ya pacha), iwe na volti karibu sawa. Ikiachana sana, opampu imeshindwa kujitawala. Kwenye mikisa yenye njia moja ya umeme, badala ya sifuri tarajia nusu ya volti zote. Transista ya silikoni ina volti 0.6 hadi 0.7 kati ya miguu yake ya beisi na emita. Ya jerumani 0.2 au 0.3. Ndiyo maana huwezi kuchomoa AC128 na kuweka ya silikoni ukategemea iimbe: mizani yake yote ya volti imepangwa kwa namba nyingine.

IC zikiwa kwenye soketi, hamisha. Ugonjwa ukihama na IC, umemaliza. Ukibaki kwenye chaneli, endelea kutafuta.

Kuna mitego miwili. Chaneli ya mwisho au mbili za mwisho huenda zikawa tofauti kwa makusudi, labda za santuri au za stirio, kwa hiyo soma bati la juu kabla hujalaumu tofauti. Na ile unayoiita nzima inaweza kuwa imefanyiwa ukarabati wa ajabu zamani. Ulinganisho wa chaneli mbili ni neno la huyu dhidi ya la yule. Chukua shahidi wa tatu.

Kufuata sauti

Pakua kwenye simu programu ya kutoa toni, weka hezi 1,000. Sauti ya simu ni kubwa mno kwa mlango wa maikrofoni, hivyo ipunguze: rezista ya omu 10,000 kwa mfululizo, kisha ya omu 100 kwenda ethi, na chukua sauti pale zinapokutana. Imepungua mara mia, yaani desibeli 40. Zima volti 48 kwanza kama hutaki simu yako iwe kafara.

Kwa kusikiliza, spika ndogo ya betri yenye mlango wa waya, na mbele yake kapasita ya mikrofaradi 0.1 ya kuzuia DC. Hicho ndicho kipimo changu. Osiloskopu nilikuja kuinunua miaka mingi baadaye na bado naanza na sikio. Gusa hatua kwa hatua: baada ya IC ya kwanza, baada ya besi na trebo, kabla ya fada, baada ya fada. Sauti ilipo na inapopotea kuna kipuri kimoja au viwili tu katikati.

Kabla ya yote hayo, chomeka na kuchomoa plagi kwenye kila jeki ya nyuma mara ishirini. Jeki za kuingizia vifaa vya nje katikati ya chaneli zina visigino vinavyopitisha sauti pale ambapo hakuna plagi. Visigino vikipata kutu, chaneli inakufa au inapepesa, na fundi anabadilisha IC mpaka anachoka. Nimeona mikisa ikirudi uhai kwa plagi tupu na dawa ya kusafishia, dakika tano, na aibu ya kuwatoza watu.

Vipuri

Usibadilishe kapasita zote kwa siku moja. Badilisha za chaneli moja, sikiliza, linganisha na jirani yake. Ukibadilisha mia mbili kwa mpigo na kitu kikaharibika, kosa lako limejificha katikati ya mia mbili. Zinazostahili kutoka ni za elektroliti, hasa zilizo karibu na transfoma na regyuleta zenye joto. Zile za filamu ziache, nyingi zitatuzika. Thamani iwe ileile, volti ziwe sawa au zaidi, na piga picha upande wa hasi kabla ya kuchomoa, kwa sababu maandishi ya kwenye bodi mara nyingine yanadanganya.

Sokoni pima kabla ya kulipa. Kuna kapasita kubwa ya mikrofaradi 4,700 ambayo ukiipasua unakuta ndogo imelala ndani kama mbegu ya embe. Kifaa cha kupimia kapasita hakina bei ya kutisha, na muuzaji anayekukatalia kupima ameshakujibu.

Transista mbadala zina mtego wa miguu. BC549C inafanya kazi ya BC109 vizuri, lakini ukiitazama upande bapa inasoma kolekta, beisi, emita. 2SC1815 inasoma emita, kolekta, beisi. 2N3904 inasoma emita, beisi, kolekta. Kunja miguu, vika mipira, na pima tena kabla ya kuwasha.

Bodi za zamani za rangi ya kahawia ni dhaifu: ukikawiza pasi ya kulehemu, njia ya shaba inanyanyuka kama ganda. Sekunde mbili au tatu, basi. Lehemu tena kila jeki, volyumu na plagi iliyofungwa moja kwa moja kwenye bodi, hata kama inaonekana salama. Nyufa za pale ni nyembamba kama unywele na ndizo zinazofanya mteja aseme "ukiipiga kofi inafanya kazi".

Volyumu na fada

Sisi huita zote volyumu, hata ya besi. Zinazokwaruza zinataka usafi kabla ya kubadilishwa: dawa maalumu ya volyumu au alkoholi ya isopropili, zungusha mara thelathini, iache ikauke. Mafuta ya kufungulia bolti zenye kutu yaweke mbali. Yanalainisha leo, kesho yanakamata vumbi lote la mtaa. Fada zifungue kabisa kama zinafunguka, futa njia nyeusi ya kaboni kwa pamba laini bila kusugua, na vyuma vya kutelezea vipake grisi nyembamba ya silikoni.

Zilizokwisha ndizo kichwa cha kazi nzima, maana urefu, miguu na matundu ya skrubu hutofautiana kwa kila kiwanda. Herufi nazo hazifuati sheria moja: kwenye vipuri vya Asia A ni ya kupanda kwa mkunjo na B ni ya kupanda sawasawa, lakini vya Ulaya vya zamani vimeandikwa kinyume. Usibishane na herufi. Weka katikati na upime: ikisoma nusu ya omu zote ni ya sawasawa; ikisoma sehemu ya kumi au ya saba hivi, ni ya mkunjo. Ukikosa kabisa, hamisha fada za chaneli ambayo mwenye mikisa haitumii. Muulize kwanza.

IC zisizo na namba

Kuna wabunifu waliokwangua namba, na wengine waliomwaga gundi ngumu juu ya bodi nzima wasiibiwe. Usihangaike kuipasua ile gundi. Hesabu waya: umeme chanya, umeme hasi, ethi, sauti inaingia, sauti inatoka. Pima kwenye chaneli nzima sauti inaongezeka mara ngapi, kisha tengeneza kibodi kidogo cha TL072 chenye ongezeko hilohilo na ukifunge mahali pake. Hakitakuwa na ule utamu au uchafu wa asili, na kwenye maikrofoni ya kwaya hakuna atakayejua.

Karatasi ndani ya kifuniko

Iache ikiwaka kwa muda wa saa nane na muziki ukipita, ukigusa regyuleta kila baada ya muda, kisha funga. Kabla ya skrubu ya mwisho, kunja ule mchoro wako wa njia za mbu, uweke kwenye mfuko wa plastiki, na uubandike ndani ya kifuniko. Juu yake andika kwa penseli: volti za ukutani, ukubwa wa fyuzi, volti za kila pini ya pawa saplai, na kila kipuri ulichobadilisha pamoja na tarehe.

Ile ya mzee wa kwaya inayo karatasi hiyo sasa. Chaneli ya sita ina fada ya kigeni, fupi kuliko wenzake kwa sentimita moja. Nalo nimeliandika.